Kukompaili Si Kukimbia

"Programu yangu inahamishika, kwa hiyo kompyuta kuu yoyote itaiendesha mbio."

Haya nimeyasikia kwa wanaoiga mitiririko ya maji na mvuke kwa kompyuta: kwa wanafunzi wa uzamili hapa Kisumu, nikayasikia kwa wahandisi wa mvuke upande wa Naivasha, na juzi tena kwa kijana anayeiga maji yanavyopita kwenye nguzo za daraja la Mbita. "Mwalimu, shida ni mashine tu. Nitafutie muda kwenye yenye GPU (kadi za kukokotoa namba nyingi kwa pamoja)." Shida haikuwa mashine.

Msimbo kukompaili popote, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine yoyote, na kutoa jibu lile lile ni jambo moja. Hilo utasaidiwa na maktaba za msimbo kama Kokkos au OCCA, na lina maana kubwa, kwani kati ya kompyuta kuu, Frontier ya Marekani na LUMI ya Finland zinatumia kadi za AMD, Leonardo ya Italia za Nvidia, na Aurora za Intel. Kasi kuhama pamoja na msimbo ni jambo jingine kabisa. Nyuzi za Nvidia, yaani vijikazi vinavyokokotolewa sambamba, huenda kwa makundi ya 32, zile za AMD kwenye Frontier kwa makundi ya 64. Keneli (kipande cha msimbo kinachoendeshwa kwenye kadi) iliyopangwa kwa kadi moja yaweza kuiacha nusu ya nyingine ikipiga miayo. Ndiyo maana programu ya Neko, ya kuiga mitiririko, ina sehemu tofauti za CUDA, HIP na OpenCL, njia za kuziandikia kadi hizo: kuna watu waliokaa wakazinoa.

Halafu memori. Kazi yetu ni kubeba namba kuliko kuzikokotoa: kwa kila seli, yaani kijipande kimoja cha gridi, unasoma kasi, presha na majirani wote, kisha unajumlisha na kuzidisha mara chache tu. Mwaka 2022 Frontier ilivuka eksaflopi 1 (hesabu bilioni bilioni kwa sekunde) kwenye HPL, kipimo cha nguvu ya kukokotoa. Kwenye HPCG, kipimo kinachokaribiana zaidi na hesabu zetu, ilipata petaflopi 14 hivi, kama asilimia 1 ya hapo. Fugaku ya Japani, ambayo kwa HPL haifikii hata nusu ya Frontier, iliipiku kwa kupata petaflopi 16. Kwa hiyo usinitajie teraflopi za mashine yako. Niambie memori yake inasukuma baiti ngapi kwa sekunde.

Na presha, ambayo hakuna anayeiuliza! Maji hayagandamiziki, kwa hiyo presha ikibadilika kwenye nguzo moja, eneo zima la hesabu linapaswa kujua papo hapo. Kijana wa Mbita alikuwa na seli laki mbili, akazigawa kwa kori (vitengo vya kukokotoa) 256. Kila kori ikabaki na seli zisizofika 800. Nikamwambia afungue logi: hesabu ya presha ilikuwa ikizunguka raundi mia kadhaa kwa kila hatua ya muda, na katika kila raundi kori zote zinangojana ili kujumlisha namba moja. Tukashuka hadi kori 8, tukaweka kisuluhishi cha multigridi, kinachotatua presha kwa gridi pana na laini kwa zamu, kazi ikaisha mapema kuliko awali.

Ushauri wangu, hata kwa asiyeniuliza: kabla ya kuomba kori zaidi, endesha hatua 100 za muda kwa kori 4, kisha 8, 16 na 32, uandike muda wa kila moja. Chai haitapoa kabla hujapata jibu.

Misemo mingine ninayoisikia, na wa kwanza ni wa lugha za kuandikia programu: "Fortran imekufa, tuandike upya kwa C++." Nek5000, programu ya mitiririko ya Fortran 77, ilitwaa Tuzo ya Gordon Bell, ya ukokotoaji wa kompyuta kuu, mwaka 1999. Neko, ya Fortran ya kisasa, ilifika fainali za tuzo hiyo hiyo mwaka 2023. Tuendelee.

"Gridi ikiwa laini zaidi, jibu ni sahihi zaidi." Punguza ukubwa wa seli kwa nusu kila upande, unapata seli mara 8. Ukiheshimu sharti la Courant, kwamba maji yasiruke zaidi ya seli moja hivi kwa hatua moja, hatua ya muda nayo inakatwa nusu, na kazi inakuwa mara 16. Kama kasi ya maji yanayoingia uliikisia tu bila kwenda kupima, basi umelipa mara 16 kununua kosa lile lile.

"Bila kompyuta kuu huwezi kitu." OpenFOAM, programu ya kuiga mitiririko, imekuwa ya bure tangu 2004. Nguzo moja ya daraja, kwa modeli ya k-epsilon ya msukosuko wa maji na gridi ya kiasi, inaweza kwisha usiku mmoja kwenye laptopu ya kawaida, mradi stima isipotee.