Sheria ya helmeti ya baiskeli kwa watoto ni nini, na inambana nani

Ni kanuni ya usalama barabarani inayomtaka mtoto aliye chini ya umri fulani avae helmeti, tena iliyofungwa mkanda, kila anapoendesha baiskeli au kupakiwa. Umri huo kila nchi yenye sheria hiyo imejiwekea wake. Ufaransa ni chini ya miaka 12, tangu tarehe 22 Machi 2017. Uswidi ni chini ya 15, tangu 2005. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima: California inawabana wote walio chini ya 18, New York chini ya 14, na yapo majimbo yasiyo na sheria hiyo kabisa. Jimbo la Victoria, Australia, lililotangulia duniani mwaka 1990, halikubagua umri. Mkubwa na mdogo wote wanavaa.

Wengi huuliza kwanza habari za umri, lakini la kuangalia zaidi ni nani anayebebeshwa kosa. Ufaransa, faini ya euro 135 humwangukia mtu mzima anayempakia mtoto asiye na helmeti, au anayeongozana naye kila mmoja na baiskeli yake. Si lazima awe mzazi. Hata mjomba aliyetoka naye matembezi atalipa. Ontario, Kanada, kosa ni la mzazi au mlezi aliyemruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 atoke kichwa wazi huku akijua. Uswidi hutozwa anayempakia. Mtoto wa miaka 13 aendeshaye mwenyewe hatozwi, kwa kuwa hajafikia umri wa kuwajibika kwa jinai. Hapo sheria inabaki agizo tu, na kazi yote ni ya wazazi. Kumbebesha mtu mzima ndiko sahihi, maana yeye ndiye anunuaye helmeti na ndiye awezaye kukagua mkanda.

Na helmeti yenyewe si kofia yoyote ngumu. Ndani yake hubandikwa lebo ya kiwango: CPSC kwa Marekani, EN 1078 kwa Ulaya. Katika jaribio la CPSC, helmeti yenye kichwa bandia huangushwa kutoka mita 2 kwenye chuma bapa, na mshtuko unaofika kichwani haupaswi kuzidi mara 300 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kinachopunguza mshtuko ni lile povu gumu la ndani, ambalo hubonyea likapokea pigo. Likishabonyea halirudi, kwa hiyo helmeti iliyokwisha kuangukiwa kwa kishindo hutupwa, hata kama gamba la nje halina ufa.

Kosa linaloonekana kila siku ni helmeti iliyosukumwa kisogoni. Paji la uso linabaki wazi, na mtoto akirushwa juu ya usukani, paji ndilo hutangulia chini. Ikae sawasawa, ukingo wa mbele uwe upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Kaza kigurudumu kilicho nyuma ya helmeti, kisha vuta kamba za kila upande zikutane chini kidogo ya sikio kama herufi V. Mkanda wa kidevu ubakize nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Mwambie mtoto apige mwayo: helmeti ikivutika kidogo chini, imekaa. Ikiwa ukiisukuma nyuma inapanda hadi kwenye nywele, kaza kamba za mbele. Nywele zilizofungwa utosini huinyanyua. Zisukwe zilale, au zifungwe chini kabisa ya kisogo. Usinunue kubwa ukitegemea atakua, maana itazunguka kichwani wakati wa pigo.

Helmeti ivuliwe kabla mtoto hajapanda ngazi za bembea au kuparamia miti. Ikinasa, mkanda uliokazwa vizuri unaweza kumnyonga. Kwa sababu hiyo Ulaya ina kiwango kingine kwa watoto wadogo, EN 1080, chenye kifungio cha kijani kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu.