Dawa duni huingilia kwenye deni

Ukitaka kujua hospitali ya jimbo au ya dayosisi inapoteza wapi ubora wa dawa zake, usianzie maabara. Omba kwanza kuona orodha ya wanaoidai. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ni kuzungukia hospitali, vituo vya afya na zahanati za mashirika ya dini nikikagua stoo na kuwasaidia wahusika kupanga manunuzi. Ninachokiona mara kwa mara ni kwamba dawa mbovu huingia siku ambayo dawa nzuri haipo, na aliyezoea kuileta ameacha kukopesha.

Mambo huenda hivi. Hospitali inawahudumia wenye bima, inapeleka madai, malipo yanachelewa na mengine yanakatwa. Mishahara haiwezi kusubiri, umeme hauwezi kusubiri. Kinachosubiri ni ankara ya bohari. Deni linapanda mpaka oda inayofuata inazuiwa, lakini wodi ya wazazi haifungwi kwa sababu ya deni. Basi anatumwa mtu mjini na fedha taslimu, anarudi na boksi la dawa na risiti ya kuandikwa kwa mkono, isiyo na namba ya bechi, yaani ya fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja, wala jina la mtengenezaji. Mwisho wa mwaka bodi inaletewa taarifa kwamba upatikanaji wa dawa ulikuwa mzuri. Kweli zilipatikana. Zilipatikana wapi, hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana sipendi tunapoutenga "ugavi" na "ubora" kama semina mbili zenye posho mbili. Kila siku ya kuishiwa dawa ni siku ya kununua pasipojulikana.

Makanisa ya ukanda wetu yaliliona hili zamani. Mwaka 1979 ofisi za tiba za Wakatoliki na Waprotestanti nchini Uganda zilianzisha Joint Medical Store, JMS, yenye makao Nsambya, Kampala. Mwaka 1986 Kenya ikapata MEDS, ya maaskofu Wakatoliki pamoja na CHAK, chama cha huduma za afya cha makanisa mengine. Siri ya bohari hizi ni wingi. Hospitali moja ya vitanda 100 haina nguvu ya kumhoji mtengenezaji wa India, wala haiwezi kugharamia kupima kila bechi. Anayenunua kwa niaba ya mamia ya vituo anaweza yote mawili. MEDS ina maabara yake ya kupima dawa, na maabara hiyo imepitishwa na Shirika la Afya Duniani, WHO.

Tanzania tulikwenda njia nyingine. Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, inaviuzia vituo vya serikali na vya dini pia, na pembeni yake wapo wasambazaji wasiolenga faida kama action medeor, wenye ghala Dar es Salaam. Sioni ubaya katika mpango huo. Tatizo ni pale MSD inapokosa bidhaa na kituo hakina chaguo la pili lililokaguliwa mapema. Vituo vya serikali vina mshitiri, yule msambazaji binafsi mmoja anayeshindanishwa na kupewa mkataba wa mkoa mzima, mpango ulioanzia Dodoma mwaka 2014 kwa jina la Jazia. Dayosisi inaweza kufanya vilevile kwa kiwango chake: wauzaji wawili au watatu, vibali vyao vikaguliwe, bei ikubaliwe kabla ya dharura. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Ni kikao cha siku moja na mafaili ya kufuatilia.

Hapa niende taratibu kidogo, kwa sababu kuna hesabu inayowakwaza hata wenzangu wenye uzoefu. Oda hupangwa kwa matumizi ya wastani ya mwezi. Tuseme kituo kimetumia vidonge 9,000 vya amoksilini katika miezi 6. Wastani ni 1,500, na oda ya miezi 3 ni 4,500. Sasa fungua kadi ya stoo: katika miezi hiyo 6, miwili rafu ilikuwa tupu. Vidonge 9,000 vililiwa katika miezi 4 tu, kwa hiyo wastani wa kweli ni 2,250 na oda iliyostahili ni 6,750. Aliyeagiza 4,500 ameshajihakikishia mwezi mzima wa kukosa kabla gari halijapakia mzigo. Robo inayofuata atachukua takwimu zenye pengo jipya, na wastani utatoka mdogo tena. Upungufu unajizalia upungufu, huku kila mtu akiamini ametumia fomu sawasawa. Tiba yake ni kadi ya stoo: kama siku za kukosa hazikuandikwa, hakuna mfumo wa kompyuta utakaozikumbuka.

Fedha zikiwa hazitoshi, na huwa hazitoshi, ni lazima kuchagua. Kukata kila kitu asilimia 30 ili "kugawana maumivu" ni uchaguzi mbaya kuliko yote, kwa maana adrenalini ya kumwokoa mwenye mzio mkali na oksitosini ya kumzuia mzazi asivuje damu zinakatwa sawa na sharubati za kikohozi na vitamini. Tenga kwanza zile ambazo zikikosekana leo mtu anakufa leo. Hizo zinunuliwe zote, kisha nyingine zipangiwe kinachobaki. Utashangaa jinsi zile za kuokoa uhai zisivyo ghali. Mara nyingi fedha huliwa na vitu vichache vya bei kubwa, ambavyo baadhi viliagizwa na daktari mgeni aliyekwisha kurudi kwao.

Nimeitaja oksitosini, nayo inastahili maneno yake. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Dawa iliyonunuliwa bohari safi, ikapita maabara, inaweza kuharibikia kwenye droo ya chumba cha kujifungulia, na maji yake yakabaki meupe vilevile. Mkunga hatajua, ila ataanza kusema kwamba siku hizi ampuli moja haitoshi. Nikisikia kauli hiyo naenda moja kwa moja kwenye friji, naangalia kama kuna kipimajoto na kama chati imejazwa na Jumapili pia, maana Jumapili ndiyo siku ambayo ufunguo wa stoo huenda kanisani. Mwaka 2019 WHO iliongeza kwenye orodha ya dawa muhimu kabetosini isiyoharibiwa na joto, kwa ajili ya kuzuia kuvuja damu baada ya kujifungua. Ni habari njema kwa kituo kisicho na umeme wa uhakika. Lakini ni ya kuzuia. Haiondoi haja ya oksitosini, wala haja ya friji.

Dawa duni ni ile iliyotengenezwa au kutunzwa vibaya. Dawa bandia ni ulaghai tangu mwanzo, na hiyo haionekani kwa macho. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, Ituri, mashariki ya Kongo, mamia ya watu walipatwa na mikazo ya misuli ya uso na shingo, na mwanzoni ikadhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vilionyesha kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Mtoa dawa dirishani angesoma lebo, angesoma tarehe, na bado angempa mgonjwa.

Kwa hali kama hizo kuna Minilabu, maabara ya sandukuni iliyobuniwa Ujerumani. Unasaga kidonge, unakiyeyusha, unaweka tone kwenye bamba dogo pembeni ya tone la dawa halisi, unalisimamisha bamba ndani ya kimiminika, kisha unalitazama kwa taa ya urujuanimno. Madoa yasipolingana kwa mahali au kwa ukubwa, una sababu ya kushtuka. Bamba hilo lingeonyesha kwamba diazepamu haimo. Tangu mwaka 2010 mtandao wa kifamasia wa makanisa, EPN, wenye makao Nairobi, pamoja na taasisi ya Difäm ya Ujerumani, umekuwa ukiweka masanduku haya kwa wanachama wake katika nchi kadhaa, Kongo ikiwamo. Mipaka yake ijulikane: inakamata ulaghai wa wazi na upungufu mkubwa, haitakwambia kama kidonge kina asilimia 92 au 97 ya dawa iliyoandikwa kwenye lebo. Kwa hilo unahitaji maabara kamili.

Misaada nitaigusa tu, najua inaleta ubishi. Miongozo ya WHO inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapofika. Kontena likija na makopo yenye maandishi ya Kijerumani na miezi 4 iliyobaki, gharama ya kuyateketeza ni ya hospitali, si ya parokia rafiki iliyoyatuma. Mhashamu askofu anaweza kuandika barua ya shukrani inayosema pia ni dawa zipi zinahitajika. Wafadhili wengi huipokea vizuri.

Ukishatilia shaka dawa, usiitupe na usimrudishie muuzaji akubadilishie kimyakimya, maana atampelekea jirani yako. Itenge rafu yake, iandikwe "isitolewe", acha vidonge ndani ya kopo lake la asili, piga picha lebo na namba ya bechi, andika imekaa wapi na kwa joto gani, kisha taarifu ofisi ya kanda ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Waganga wafawidhi wengine huogopa kwamba wakitoa taarifa wao ndio watakaokaguliwa. Kweli mkaguzi anaweza kuomba kuona ankara ya bechi hiyo, na kituo kilichonunua kwa muuzaji mwenye kibali kitampa siku hiyohiyo.