Vitani si kila mtu ni adui wa kuuawa

Wapo wanaodai Uislamu unaruhusu kuua yeyote upande wa adui, na ushahidi wao ni kipande cha aya ya Qurani 2:191 (sura ya 2, aya ya 191), "waueni popote muwakutapo". Wangeanzia aya moja nyuma: piganeni na wanaowapiga vita, wala msivuke mipaka.

Katika vita kimoja Mtume aliona watu wamekusanyika, kumbe wamezunguka maiti ya mwanamke. Akasema huyu hakuwa wa kupigana, kisha akamtumia ujumbe Khalid bin Walid, aliyetangulia na kikosi: asiue mwanamke wala kibarua. Naam, hata kibarua wa adui, madhali hapigani. Abu Bakr naye, khalifa wa kwanza baada ya Mtume, akituma jeshi Sham (eneo la Syria na jirani zake), alikataza kuua watoto na vikongwe, na watawa waachwe na ibada zao. Anayeshika silaha, hukumu yake nyingine.