Kabla ya Kutazama Ngoma Ukutani, Omba Bajeti

Nyumba nyingi za malezi ya vijana wa asili hapa Kanada hujitangaza kuwa zimejengwa juu ya utamaduni wao. Ukiingia utakuta manyoya ya tai kwenye fremu, ngoma imetundikwa, na bango la mafundisho saba ya Waanishinaabe, mojawapo ya mataifa ya asili ya huku, karibu na jokofu. Vyote hivyo hununuliwa kwa siku moja. Mimi ni msimamizi wa nyumba mojawapo, na nikiitwa kukagua nyingine huomba bajeti na ratiba ya zamu kwanza. Humo ndimo ninapoona nani ana mamlaka.

Naandika hasa kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofika huku na kupata kazi ya kwanza katika nyumba hizi, mara nyingi zamu ya usiku. Ni vyema mtu ajue ameingia katika historia gani. Serikali na makanisa waliwapeleka watoto zaidi ya 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametis (makundi matatu ya watu wa asili wa Kanada) katika shule za bweni ambazo lengo lake halikufichwa: kuwang'oa katika lugha na jamii zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Upatanisho, iliyochunguza shule hizo, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, na mitano ya kwanza ilihusu ustawi wa watoto. Lakini sensa ya 2021 ilionyesha kwamba watoto wa asili, ambao ni asilimia 7.7 tu ya watoto wa chini ya miaka 15 nchini, walikuwa asilimia 53.8 ya watoto waliokuwa wakilelewa katika familia za walezi waliopangiwa na mamlaka za ustawi wa watoto. Kwa hiyo jengo lenye vitanda, daftari la matukio na watu wazima wanaopokezana zamu, kwa nyanya wa kijana anayelelewa humo si jambo geni. Amewahi kuliona.

Kuna utafiti ninaoutaja katika kila mafunzo, wa Michael Chandler na Christopher Lalonde, uliochapishwa mwaka 1998. Walizilinganisha jamii za Mataifa ya Kwanza katika jimbo la British Columbia na kukuta kwamba vifo vya vijana kwa kujiua vilijikusanya katika baadhi ya jamii, huku zaidi ya nusu zikiwa hazina hata kimoja katika kipindi walichokichunguza. Tofauti waliyoiona ilihusu mambo kama kujitawala, kudai ardhi, na kusimamia wenyewe shule, afya, polisi na zimamoto. Jengo la shughuli za utamaduni lilikuwemo pia, lakini kama kipengele kimoja kati ya sita. Uhusiano wa takwimu hauthibitishi chanzo, najua. Hata hivyo mimi huusoma utafiti huo kama msimamizi, na unaniambia kwamba nikimwalika mzee wa jamii kila Jumatano kusimulia hadithi, kisha maamuzi yote nikayafanya mimi na mhasibu, sijafanya kitu.

Chukua suala la kufukiza. Kijana ameshindwa kulala, saa nane usiku anataka kuchoma majani makavu ya seji kidogo ajifukize na kuomba, kama ilivyo desturi yao. Kanuni ya nyumba inasema hakuna moto ndani, kitambua moshi kitapiga kelele, na mfanyakazi wa zamu ana hofu ya kuandikiwa ripoti. Atamwambia asubiri asubuhi. Asubuhi kijana hahitaji tena, au ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni kazi ya ofisini isiyo na mvuto wowote: chumba kimoja chenye feni ya kutoa moshi, maandishi kutoka kwa bima na zimamoto, na zamu ya usiku iliyofundishwa. Mwenzetu anayeamini kwamba moshi ule ni uchawi (na wapo, tusidanganyane) aulizwe waziwazi kwenye usaili, kabla hajakabidhiwa funguo.

Malipo ya wazee nayo yana vita vyake. Katika mataifa mengi unayemwomba mzee msaada unamkabidhi tumbaku kwanza, na takrima yake humfikia siku hiyohiyo. Idara ya fedha inataka ankara, namba ya akaunti na mwezi mzima wa kusubiri. Mwanasaikolojia anayekuja kwa saa moja ana fungu lake la kudumu katika bajeti. Mzee analipwa kwa masazo ya fungu la burudani. Mpe mzee fungu lake, nauli yake na ya msaidizi wake, kisha mpe kiti kwenye usaili wa wafanyakazi, na akisema mtu huyu hafai kukaa na watoto, ajira hiyo isimame.

Jambo ambalo silijadili na mtu ni adhabu. Baadhi ya nyumba hutumia mfumo wa ngazi: ukikosea unashuka na kupoteza haki kadhaa. Safari ya mawindo au kibanda cha mvuke cha kuomba na kujitakasa kikiingizwa katika orodha hiyo, tumerudi kulekule kwenye shule za bweni, safari hii tukiwa na bango zuri ukutani. Kijana aliyevunja dirisha jana huenda ndiye anayemhitaji mzee leo kuliko wote.

Halafu, utamaduni wa nani? Mwinuiti aliyeletwa kusini kutoka Nunavut, kaskazini ya mbali, hana sababu ya kuliona gurudumu la dawa, duara la mafundisho la baadhi ya Mataifa ya Kwanza, kuwa lake. Huenda anachokosa ni nyama ya sili na mtu wa kuzungumza naye Kiinuktitut. Mmetis ana fidla na mshipi wake. Wengine wametoka katika familia za Kianglikana au Kipentekoste na hawataki sherehe yoyote, na hilo liheshimiwe bila kuwekewa alama kwenye jalada.

Sheria imetusaidia. Sheria ya shirikisho kuhusu watoto, vijana na familia za asili ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Februari 2024. Inaweka mpangilio wa mahali pa kumpeleka mtoto: mzazi, kisha ndugu mwingine mtu mzima, kisha mtu wa jamii yake, kisha wa jamii nyingine ya asili, ndipo wengine. Tena inataka uwezekano wa kurudi kwa mzazi au ndugu uangaliwe mara kwa mara. Nyumba yangu basi ni mahali pa kupitia, na lazima nitenge fedha za kumtoa mtoto: simu, nauli za ndege kwenda jamii za kaskazini zisizofikika kwa barabara majira ya joto, barafu ikiyeyuka, na matanga. Mazishi hayangoji kikao cha bodi, na moto wa maombolezo wa Waanishinaabe huwaka siku nne. Fungu hilo msimamizi wa zamu awe na ruhusa ya kulifungua usiku uleule, na neno "ndugu" katika fomu lisiishie kwa baba na mama.

Ripoti zangu kwa bodi kwa hiyo hazina idadi ya sherehe. Zina waliozungumza na jamaa zao wiki hiyo, waliokwenda nyumbani na nani aliyegharimia, maamuzi ambayo wazee waliyapinga, na tulichofanya baada ya kupingwa.