Acheni hiyo sumaku ya katikati ya dunia

Jana tena, mjini Moshi, kijana anayepandisha wageni mlimani kaniuliza kama ile sumaku ya katikati ya dunia imeanza kuhama, maana kasikia ncha ya kaskazini ya dira inakimbia. Mdogo wangu, hakuna sumaku. Chuma kikizidi digrii 770 za Selsiasi hupoteza usumaku wa kudumu, na kiini cha nje, lile tabaka la chuma linaloanzia kilomita 2,890 chini ya buti zako, kina zaidi ya 3,500. Jiwe la lava unalolikalia pale Marangu linakishinda kwa usumaku wa kudumu.

Kilichopo ni chuma kilichoyeyuka, kinachopitisha umeme, kinachopanda na kushuka huku mzunguko wa dunia ukikipinda. Hayo tuyapite.

Watu wanaponichosha ni hapa: wakishakubali kuwa kuna mtiririko, wanadhani kazi yake ni kuuhamisha uga wa sumaku, yaani ile nguvu inayoizunguka dunia na kuelekeza dira, toka huku kwenda kule tu. Kwa miaka michache ni kweli, mistari ya uga hung'ang'ania chuma na kwenda nacho, kilomita 10 hadi 20 hivi kwa mwaka. Lakini chuma hakiendi kwa kasi moja kila mahali. Penye haraka na penye kuchelewa, mistari inanyooshwa, na kuinyoosha kunataka nguvu kama mpira wa manati. Nguvu hiyo haipotei, inaingia kwenye uga. Bila kunyooshwa hivyo, uga ungefifia wote ndani ya makumi ya maelfu ya miaka. Mtiririko unaubeba na kuuzaa kwa mpigo mmoja. Nani aliwaambia mchague?

Halafu vitabu vinachora mishale ya mtiririko kana kwamba mtu alishuka akaiona. Tunaikisia kutokana na vipimo vya uga, vikiwemo vya setilaiti za Swarm zilizorushwa 2013. Chuma kikitiririka kufuata mstari ambao uga una nguvu ileile, huku juu hakibadiliki kitu. Mikondo midogo nayo inafunikwa na usumaku wa ganda la dunia. Ndiyo maana utabiri huteleza: modeli ya dunia nzima ya uga, inayosahihishwa kila miaka mitano, ililazimika kurekebishwa mwanzoni mwa 2019, kabla ya zamu yake.

Na mnaoogopa uga ukigeuka, kaskazini na kusini zikabadilishana, tutakwisha, nendeni Olduvai. Mwaka 1963 watafiti Grommé na Hay walionyesha kuwa basalti, jiwe la lava, ya pale ilipoa uga ukielekea kama leo, katikati ya zama ndefu ambazo dira ingeelekeza kusini. Kipindi hicho sasa kinaitwa Olduvai duniani kote. Kiliisha miaka kama milioni 1.8 iliyopita, uga ukageuka tena, na zamadamu wa bondeni wakaendelea kuchonga mawe. Kinachoanzisha mgeuko wenyewe, hapo bado tunagombana.