Glasi ya mvinyo mwekundu si dawa ya moyo

"Glasi moja kila jioni inasafisha mishipa." Kauli hii husikika hata Dodoma, kunakolimwa zabibu, ila asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1992 Serge Renaud na Michel de Lorgeril waliandika katika jarida la The Lancet kwamba Wafaransa hula mafuta mengi ya wanyama, lakini hawafi sana kwa maradhi ya moyo. Wakautaja mvinyo. Televisheni ya Marekani ilikuwa imeshalitangaza wazo hilo mwaka 1991, na mauzo yakapaa.

Kasoro iko kwenye ulinganisho. Tafiti nyingi zilizolinganisha wanywaji na wasiokunywa ziliwahesabu kama "wasiokunywa" hata watu walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa. Ukiwekwa pembeni ya wagonjwa, utakosaje kuonekana mzima? Isitoshe, mnywaji wa glasi moja mara nyingi ana kipato kizuri, anakula vizuri na ana daktari wake. Resveratroli, kemikali ya zabibu inayosifiwa kwamba hulinda moyo, imo kweli kwenye mvinyo, ila kidogo mno, na hata zabibu zenyewe zinayo.

Kuhusu saratani, ubishi umekwisha. Wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliweka vinywaji vya pombe katika kundi la visababishi mwaka 1988. Mvinyo, bia, mbege, mnazi: ethanoli, yaani kilevi chenyewe, ni ileile. Hatari ya glasi moja ni ndogo, lakini huongezeka kadiri unavyoongeza. Anayependa ladha yake, hilo ni lake. Asiyekunywa asianze kwa ajili ya moyo.