Ridhaa ya Mwanafunzi Haimwondolei Mwalimu Wajibu

Mwalimu ndiye anayesahihisha mtihani, ndiye anayeamua nani avuke darasa na nani arudie, na mara nyingi neno lake huaminiwa kabla ya neno la mtoto. Mamlaka hayo hayaishi kengele ya mwisho inapogongwa. Ndiyo maana maadili ya ualimu hayaulizi tu kama mwanafunzi alikubali uhusiano wa kimapenzi na mwalimu wake, bali kama angeweza kukataa bila kuhofia alama zake au heshima yake mbele ya wenzake. Hata mwanachuo aliyetimiza miaka 18 bado yumo chini ya kalamu ya mwalimu wake.

Kwa walio chini ya umri huo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 19, unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya ukatili na unyanyasaji, ukiwamo wa kingono, anapokuwa mikononi mwa wazazi, walezi au mtu mwingine aliyekabidhiwa kumtunza. Saa za masomo, mtu huyo ni mwalimu.

Mpaka hauvukwi kwa siku moja. Mwalimu huomba namba ya simu ili atume maswali ya mazoezi, na majuma mawili baadaye, saa nne usiku, ujumbe unaingia: “Umelala? Leo ulikuwa kimya sana darasani.” Hapo hapana tusi wala neno la aibu. Lakini mwanafunzi amelala na simu mkononi, anatafuta jibu lisilomuudhi mtu atakayeshika karatasi yake ya mtihani. Ujumbe wa “ukishasoma, futa” ukifuata, mzazi na mwalimu mwenzake hawana sababu ya kusubiri ushahidi mwingine ndipo watoe taarifa.

Simaanishi kwamba mwalimu awe mkavu. Wapo wanafunzi ambao mtu mzima pekee anayewauliza kama wamekula ni mwalimu wao, na kuwanyima ukaribu huo ni kuwatupa. Ila ukaribu huo ukae panapoonekana: mazungumzo yafanyike mlango ukiwa wazi, maswali ya masomo yapitie kundi ambalo mwalimu mwingine yumo, na msaada wa fedha upitie ofisini. Mwanafunzi akianza kusimulia kwamba anapigwa au ananyanyaswa nyumbani, asiahidiwe siri. Aelezwe mapema, kwa upole, kwamba wahusika wa ulinzi wa mtoto watashirikishwa.

Huweza kutokea pia mwanafunzi mwenyewe akaanza, kwa barua ya mapenzi iliyokunjwa ndani ya daftari. Mwalimu asiisome mbele ya darasa, wala asiifungie kwenye droo yake akidhani anamsitiri. Amweleze mkuu wa shule siku hiyohiyo, jambo liandikwe, mwalimu wa unasihi azungumze na mwanafunzi, na daftari lirudishwe likiwa limesahihishwa kama ya wenzake.